Limau Hukata

Ugomvi wa Mughwai na limau ulianzia mkutanoni, kama yalivyoanza mambo mengi ya miaka ile. Kijiji kilikuwa kipya, hata vumbi lake lilikuwa halijazoea kukaa. Watu walitolewa mabondeni walikokuwa wakiishi kila mtu na boma lake, wakaletwa hapa upande wa Ihanja, wakapangwa kwa mistari, mlango unatazama mlango, ukipiga chafya majirani wote wanajua una mafua. Na mikutano sasa! Mkutano wa choo, mkutano wa shamba la pamoja, mkutano wa kisomo, na mkutano wa kuulizana kwa nini watu hawaji mkutanoni. Mughwai alikuwa anahudhuria yote. Si kwa siasa. Ni kwa sababu Anastazia naye alikuwa anahudhuria.

Tuseme mapema ili tusizungushane. Mughwai alikuwa mgane. Mke wake alifariki zamani, binti yake Raheli aliolewa Kiomboi, na yeye alibaki na ng'ombe wake, mbwa mvivu, na sufuria ambayo hakuwahi kujifunza kuiosha. Umri ulikuwa umekwenda, lakini ulikuwa haujamwangusha. Anastazia alikuwa mjane, mama wa watoto wawili, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya korongo bila yeye kuinuka kitini. Mughwai alimtaka huyo mwanamke. Alimtaka kwa namna ambayo mtu wa umri wake anaona haya kuisema, kwa hiyo alikuwa anaisema kwa kuni. Anamshushia mzigo mlangoni, anakohoa, anaondoka.

Anastazia hakuhamishwa na mtu. Kijiji ndicho kilichomhamia yeye. Waliokuja kupima viwanja walimkuta pale pale kwenye tembe lake, na nyuma ya tembe kuna mlimau alioupanda marehemu mume wake. Yeye aliulea kwa maji ya kuoshea vyombo. Kiangazi kile kibaya, mwaka mvua ilipokataa katakata, watu wanakula ugali wa uwele kwa mlenda mkavu na kuzikumbuka mboga za majani kama ndugu waliohama, mti ule ulisimama kijani, umejaa malimau mpaka matawi yanainama. Gaspari, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa ameshaanza kuuzunguka, mikono nyuma, akisema kwamba katika ujamaa mti mkubwa namna hii ni mali ya wote.

Na kila mtu alijua "wote" maana yake nani. Kuku akichinjwa, firigisi ya baba. Yai, mama mjamzito akilila eti mtoto atazaliwa hana nywele. Maini ni ya wazee. Wanawake walikuwa wanabakiziwa shingo, miguu, na mawaidha.

Siku hiyo alikuja Bibi Maendeleo kutoka Singida mjini. Jina lake Theodora, msichana wa Tanga, Kiswahili chake kinateleza kama mlenda. Alikuja na Land-Rover kufundisha juisi. Mapapai aliyabeba mwenyewe kwenye gunia. Malimau yalitoka kwa Anastazia, ambaye aliombwa baada ya kuwa yameshachumwa. Theodora akaponda mapapai kwenye sufuria kubwa, akaongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, akachuja kwa kitambaa cheupe, kisha akaanza kukamulia malimau, na harufu ikatoka pale ya kumfanya hata mgonjwa ainue kichwa. Wanaume walikuwa wamekaa mstari wa mbele, vikombe mkononi. Filipo, mdogo wake Mughwai, alikuja na bakuli. Nyuma walikaa wanawake na watoto, na watoto wenyewe pembe za midomo zimepasuka, fizi zimevimba, wengine wakitema mate yanatoka na damu.

"Ndugu wananchi," akasema Theodora, "papai peke yake lina shombo. Limau hukata shombo hiyo. Hukata kiu. Mama mjamzito, hukata kichefuchefu. Ukilitia na asali, hukata kikohozi. Na maganda yake msitupe, hukata masizi kwenye sufuria. Lakini kubwa kuliko yote, hawa watoto mnaowaona fizi zinatoka damu, hicho ni kiseyeye, na dawa yake ndiyo hii."

Maneno mazuri, ila nusu ya mkutano ilikuwa haijui Kiswahili, na nusu nyingine ilikijua cha kununulia chumvi. Mkalimani alikuwa Anastazia. Yeye alikaa Manyoni wakati marehemu mume wake akifanya kazi relini, na Kiswahili alikijua vizuri. Akasimama, akafunga khanga vizuri kiunoni. Akaitazama sufuria. Akavitazama vikombe vya wanaume, na lile bakuli. Akawatazama watoto. Mughwai alikuwa anamtazama yeye, kwa hiyo aliona kwamba alinyamaza kidogo kabla ya kuanza.

"Anasema limau hukata kiu," akatafsiri kwa Kinyaturu. "Hukata kichefuchefu, hukata kikohozi. Anasema ni dawa ya wanawake na watoto. Mwanaume hakatazwi, akitaka anywe. Ila mwanaume, humkata."

"Humkata nini?" akauliza Gaspari.

Anastazia akainamisha macho kwa adabu. "Baba, mimi mwanamke. Nitataja vipi mbele ya wazee?"

Vikombe vyote vilishushwa chini kwa pamoja, utadhani kuna aliyeamrisha. Wanaume wakamgeukia Filipo, ambaye alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwenye redio, na aliyekuwa akijitapa kwamba hakuna neno la Kiswahili linalompita. Wakamuuliza kama ni kweli. Sasa Filipo katika hotuba nzima alikuwa ameshika maneno mawili tu, "limau" na "hukata". Lakini Filipo akiri mbele za watu kwamba hakuelewa? Bora umzike.

"Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe," akasema. "Kasema hukata. Tena karudia na kurudia."

Juisi yote ikaenda nyuma kwa wanawake na watoto. Theodora, ambaye Kinyaturu hakijui hata salamu, alifurahi sana, akasema hajapata kuona wanaume waungwana kama hawa, wanaotanguliza wake zao na watoto. Anastazia akalitafsiri hilo neno kwa neno. Mughwai alikiweka chini kikombe chake kama wenzake, huku mate yamemjaa mdomoni.

Tangu siku hiyo mlimau ukapata amani. Gaspari aliacha kuuzunguka, akawa anausalimia kwa mbali. Filipo alipiga marufuku hata beberu kufungwa chini yake. Kila jioni wanawake walikusanyika kwa Anastazia na vibuyu vyao, leo limau na papai, kesho limau na ukwaju, siku ya shida limau na maji matupu na chembe ya sukari. Watoto wakaanza kupona midomo. Sufuria zikang'aa. Na mume aliyesikia harufu ya limau ndani ya nyumba yake alikuwa analala kageukia ukutani, anaogopa hata kupumua. Wapo wanawake, sitaji majina, ambao siku wakichoka na jembe walikuwa wanajipaka limau kidogo mikononi kabla ya kwenda kitandani, wakalala usingizi wao kwa raha zao.

Sasa shida ikaja kwa Mughwai. Mtu anayejipikia kiangazi kizima anakula nini? Ugali, chumvi, na jana yake. Fizi zikaanza kuwasha, zikavimba, zikatoa damu. Akapiga mswaki wa mti, zikatoa damu zaidi. Zahanati wakampaka ile dawa ya zambarau, akazunguka kijijini na mdomo wa rangi ya biringanya, watoto wakimkimbilia kumchungulia. Meno yakaanza kucheza. Na harufu! Alikuwa akiongea na ng'ombe wake, ng'ombe anageuza kichwa.

Katika hali hiyo hiyo, ndipo mzee mzima akaamua kwenda kuposa.

"Shikamoo, Baba Raheli," akasema Anastazia, akimsogezea kigoda.

"Marahaba," akasema Mughwai, na marahaba ile ikamrudisha Anastazia hatua nyuma.

Mughwai hakuzunguka. "Nataka nikuoe."

Anastazia akachezea pindo la khanga. Kisha akasema, "Wewe ni mtu mwema. Kuni zako nimepikia tangu masika yaliyopita, na hujawahi kunidai hata uji. Nakupenda, nisiseme uongo. Lakini Baba Raheli, mdomo wako unanuka. Nisamehe. Mimi nikiolewa nataka kulala na mume uso kwa uso."

Mughwai akaziba mdomo kwa kiganja. Aibu ilimshika mpaka masikio yakamwaka moto. "Nifanyeje sasa?" akasema akiwa amejiziba. "Dawa wamenipaka, haikusaidia."

"Kunywa limau."

"Ala! Wewe unataka kuolewa au unataka kunihasi?"

"Nataka mume mwenye mdomo."

"Na mengine?"

"Mengine tutayaona huko huko."

Akarudi nyumbani amevurugika. Akachunga ng'ombe na akili haipo. Akiacha mdomo hivi, Anastazia hampati. Akinywa limau, Anastazia anampata, lakini ampate wa kumfanyia nini? Wakae wanasomeana magazeti? Alikuwa anamwangalia maksai wake mmoja, dume kubwa lililohasiwa la kulimia, limetulia linacheua, halina neno na mtu, hata ndama wanalikanyaga. Akatikisa kichwa.

Jambo lililomkatia shauri lilitokea kwenye pombe ya mtama, nyumbani kwa mzee Paulo. Wanaume wamekaa duara, kibuyu kinazunguka. Mughwai akapiga funda, akapitisha. Kibuyu kikafika kwa Filipo. Filipo akanywa, akasita, akaingiza vidole viwili mdomoni mwake, akatoa jino. Akaligeuza juani, akajipapasa meno yake yote kwa ulimi, yako kamili. Akalitazama tena lile jino, lina kidoa cha zambarau.

"Kaka," akasema, "hili nadhani ni lako."

Watu wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye gogo. Kibuyu kikamwagwa, na tangu hapo Mughwai akawa anapewa kikombe chake peke yake, anakaa pembeni kama mgeni. Hapo alisema basi. Akaondoka moja kwa moja mpaka kwa Anastazia, akakuta wanawake wamejaa na vibuyu vyao, Dina mke wa Filipo akiwemo, akanyoosha mkono mbele yao wote.

"Nipe."

Anastazia akamkamulia malimau mawili kwenye juisi ya papai. Mughwai akafumba macho. Ile tindikali ilipogusa fizi zake machozi yalimtoka, akapiga mguu chini, akasema neno ambalo halisemwi mbele ya shemeji. Lakini akanywa yote. Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Alikuwa anakunywa kama mtu anayejiaga mwenyewe.

Jua halijazama siku ile ya kwanza, kijiji kizima kilishajua. Wakampa jina la Maksai. "Maksai kapita," "Maksai, plau iko huku," na wengine wakimpigia mluzi ule wa kuswagia ng'ombe. Filipo ndiye aliyekuwa mbele ya wote. Alikuja mpaka nyumbani, akasimama mlangoni kwa uchungu mkubwa.

"Kaka, umeuaibisha ukoo. Kwa ajili ya mwanamke, unakwenda kujimaliza kabisa?"

"Nimekwenda kutibu meno."

"Meno! Mtu anabadilisha jembe kwa kijiko!"

Fizi zikapona. Damu ikakata, uvimbe ukashuka, meno yaliyobaki yakakaza. Mughwai akawa anatafuna karanga hadharani, kwa kelele. Na asubuhi moja aliamka kabla ya jogoo kuwika, akajinyoosha, akagundua kwamba mwili wake haukupata taarifa yoyote kuhusu limau. Akakaa kitako. Akafunua shuka, akatazama. Akafunika. Akatazama tena. Mzee mzima akacheka peke yake mpaka yule mbwa mvivu akaamka.

Hakungoja hata chai. Alimkuta Anastazia anafagia uwanja.

"Halikati!" akasema.

"Nini?"

"Limau! Halikati! Mimi mzima! Nimeamka leo asubuhi kama..." Akakumbuka adabu, akaishia hapo.

Anastazia akaangusha ufagio, akacheka, akakaa chini vumbini akaendelea kucheka. Alipopata pumzi alisema, "Baba Raheli, halijapata kumkata mtu. Yale maneno niliyatia mimi."

Mughwai akaduwaa. Kisha hasira zikampanda. "Yaani meno yangu yamedondoka kwa ajili ya uongo wako? Jino langu limeonekana mdomoni mwa Filipo kwa ajili ya uongo wako?"

"Ndiyo," akasema Anastazia, na sasa alikuwa hacheki. "Pole. Ila niambie, ile sufuria mngenywa wangapi? Bakuli la Filipo uliliona? Ningetafsiri kama ilivyosemwa, leo mti ule ni mali ya wote, wanangu wangekuwa wanaramba maganda. Nyie mna firigisi, mna mayai, mna maini, na kila kimoja mlikiwekea hadithi ya kututisha. Na mimi nikaweka yangu moja. Moja tu. Tena wewe nilikuambia unywe. Ni wewe uliyeogopa."

Mughwai akautazama ule mlimau. Alikaa naye pale vumbini.

"Wanawake wote wanajua?"

"Wote."

"Hata Dina?"

"Dina ndiye aliyeshauri ya kujipaka mikononi." Akamshika mkono. "Sasa sikiliza. Wewe ni mwanaume wa kwanza kujua. Ukinyamaza, wiki ijayo peleka barua ya posa kwa kaka zangu. Ukisema, ubaki na mdomo wako mzuri na nyumba yako tupu."

"Ninyamaze na mimi wananiita Maksai?"

"Unyamaze na wewe unajua kwamba si Maksai. Na mimi nijue."

Alifikiri mpaka jua likaanza kuchoma. Jina la mwanaume kijijini si kitu cha kuchezea, na la kwake lilikuwa linakanyagwa kila siku. Lakini alimtazama huyu mwanamke mwenye vumbi kwenye khanga, akaona hakuna jina ambalo hawezi kulimeza kwa ajili yake. Akakubali.

Wakafunga ndoa kanisani, na wanaume wakaja wakala pilau na kumsikitikia. "Si mbaya," walisema, "atapata wa kumfulia." Mughwai akaitikia, "Ndiyo, kufua ni shida." Jioni alifunga mlango wake, na ya nyuma ya mlango hayatuhusu, ila inatosha kusema kwamba kufua hakukufanyika.

Mvua zilipokuja, Anastazia akaanza kuchukia harufu ya moshi. Mavuno yalipofika tumbo lilikuwa mbele yake, limemtangulia kila aendako. Na hapo ndipo Mughwai alipojua bei halisi ya ahadi yake. Wanaume walianza kumjia mmoja mmoja, wamevua kofia.

"Pole, Baba Raheli."

"Pole ya nini?"

"Ya hayo. Jikaze tu."

Mtoto akazaliwa, wa kike, wakamwita Felista. Mughwai alimpakata, akamhesabu vidole. Mtoto huyu alikuwa wake, damu yake, uzee wake umechipua tena, na watu walikuwa wanaingia kumpa pole kana kwamba kaibiwa mbuzi. Iliuma. Iliuma kuliko jino lolote lililomtoka. Alitamani kupanda juu ya tembe na kupiga kelele. Na aliyechochea zaidi alikuwa Filipo, akizunguka nyumba kumi zake zote na kusema mwizi lazima apatikane, heshima ya kaka yake haitapotea hivi hivi, na yeye kama balozi atasimamia. Akamshika Gaspari mpaka Gaspari akaitisha mkutano.

"Nimechoka," Mughwai alimwambia mke wake asubuhi ya mkutano. "Leo nasema. Huyu ni mwanangu."

Anastazia alikuwa ananyonyesha. Akamhamishia mtoto titi la pili. "Sema," akasema. "Yale ya kukuacha niliyasema kabla sijaishi na wewe. Siwezi kukuacha sasa, hata ukisema. Mti wataumaliza, tutapata mwingine. Sema, baba, kama inakuuma hivyo."

Basi Mughwai akaenda mkutanoni ameshika maneno yake mkononi. Uwanja wa ofisi ya kijiji ulijaa. Filipo akafungua kwa hotuba ndefu ya Kiswahili, akaeleza kwamba kaka yake alitumia limau kwa hiari yake, kwamba limau hukata, jambo linalojulikana na lililosemwa na serikali mbele yao wote, na kwa hiyo mtoto huyu ana baba yake mahali fulani, na baba huyo yumo humu humu. "Asimame!" akasema. Hakuna aliyesimama. Mughwai akajiandaa kusimama yeye.

Lakini mzee Paulo alimtangulia. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali, akataka mtoto asogezwe. Anastazia akamleta. Mzee akainama, akamwangalia, akamshika sikio kwa vidole viwili. Lilikuwa sikio la kusimama, ncha imepinda mbele kidogo.

"Hili sikio nalijua," akasema. "Babu yake huyu mtoto nililima naye. Alikuwa nalo hili hili. Mtoto ni wa ukoo wa Mughwai, hapa hakuna ubishi."

Moyo wa Mughwai ukaruka. Filipo alikuwa anatikisa kichwa kukubali.

"Sasa," mzee Paulo akaendelea taratibu, akinusa ugoro wake, "ukoo huo hapa kijijini una wanaume wazima wawili. Mmoja limau limemkata, tumemlilia wote. Mwingine nani?"

Filipo aliendelea kutikisa kichwa kwa muda kidogo kabla kichwa hakijapata habari. Mkutano mzima ulikuwa umeshamgeukia.

"Hapana!" akasema. "Hapana, wazee! Labda limau halikumkata sawasawa!"

"Si wewe uliyesema hukata?" akauliza Gaspari.

"Nilisema! Lakini labda sikusikia vizuri!"

"Kwa masikio yako, ulisema."

"Yule mama alikuwa anaongea mbio! Kiswahili cha Tanga kile! Sikuelewa, jamani! Nilielewa maneno mawili tu!"

Wanaume wakapiga kelele za kicheko. Leo Kiswahili hukijui! Sasa hivi umetuhutubia nusu saa! Filipo akakimbilia kwenye kibuyu cha mwanamke mmoja, akakinyakua, akakinywa chote mbele za watu, limau likimwagika kifuani. "Angalieni! Silogwi, sihasiwi! Halina kitu!" Lakini nani atamwamini mtu wa namna ile? Gaspari akasema hata mwizi wa kuku akikamatwa husema hapendi nyama.

Filipo akamgeukia mke wake. Dina alikuwa amejifunika uso mzima kwa khanga, mabega yanatikisika. Akamgeukia kaka yake, akapiga magoti kabisa kwenye vumbi, balozi mzima.

"Kaka, niokoe. Wewe unajua. Kama wewe ni mzima, sema. Sema neno moja tu, kaka yangu."

Mughwai akasimama. Neno alikuwa nalo. Lilikuwa limekaa ulimini tangu asubuhi, na mke wake ameshamruhusu. Akitamka, jina lake linarudi, mtoto anapata baba mbele za watu, na hakuna wa kumpigia mluzi tena. Akamtazama Anastazia. Anastazia hakumwonyesha ishara yoyote, alikuwa anamtengenezea mtoto shuka tu. Akawatazama wanawake nyuma, wamekaa kimya ajabu, kila mmoja na kibuyu chake mapajani, na watoto wanapigana mieleka kando yao, midomo mizima. Akakumbuka duara lile la pombe, na kicheko kile, na nani aliyecheka zaidi. Akamtazama Felista na masikio yake. Huyu alikuwa wake hata kama asingesema.

Mughwai akaenda taratibu, akamwekea mdogo wake mkono begani.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ya huruma ambayo kila mtu aliisikia, "yamekwisha. Nimekusamehe."

Wanawake wawili walilazimika kumshikilia Dina asianguke, na wanaume wote wakadhani analia.